Kuingia katika Sera za Ulinzi na Usalama wa Taifa Ukiwa Raia: Mwongozo kwa Msomi wa Nairobi

Ibara ya 239 ya Katiba ya Kenya, katika kifungu chake cha 5, inasema kwamba asasi za usalama wa taifa ziko chini ya mamlaka ya kiraia. Asasi hizo ni tatu: Jeshi la Ulinzi la Kenya, yaani KDF, Huduma ya Taifa ya Ujasusi, yaani NIS, na Huduma ya Taifa ya Polisi. Wengi huisoma ibara hiyo wakimfikiria Rais na mawaziri peke yao, lakini waziri hawezi kusimamia taasisi yenye maelfu ya watu, mabilioni ya shilingi na siri nyingi kama hana nyuma yake raia walioisomea kazi hiyo: wanaopitia makadirio ya matumizi mstari kwa mstari, wanaoandaa rasimu za sheria, wanaomwandalia mbunge maswali ya kumuuliza Mkuu wa Majeshi, na wanaothubutu kueleza kwa maandishi kwamba mpango fulani hautafanikiwa. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuwa mmoja wa raia hao, anayeishi Nairobi au yuko tayari kuhamia, na asiye na nia ya kuvaa sare.

Nitangulize jambo moja ambalo mengine yote humu yanaliegemea. Raia hashindani na mwanajeshi kwa ujuzi wa medani, wala hashindani na jasusi kwa siri. Nafasi yake iko katika sheria, fedha na uandishi, na anayevimudu vitu hivyo vitatu hutafutwa na ofisi nyingi kuliko anavyodhani, kwa sababu wanaovimudu vyote kwa pamoja ni wachache mno.

Fahamu maamuzi hufanywa wapi

Sera ya ulinzi ni kazi ya kuamua nchi inajilinda dhidi ya nini, kwa kumtumia nani, kwa gharama gani na kwa idhini ya nani. Mahali pa kuanzia ni Sura ya 14 ya Katiba ya 2010, ambayo ni fupi kiasi cha kusomwa jioni moja, lakini inastahili kurudiwa mpaka uizoee. Ibara ya 238 inaeleza usalama wa taifa kuwa ulinzi wa mipaka na mamlaka ya nchi, na vilevile wa watu wake, haki zao, uhuru wao, mali yao na ustawi wao, na inaagiza utafutwe kwa kuheshimu kikamilifu utawala wa sheria na haki za binadamu. Ibara ya 240 inaunda Baraza la Usalama wa Taifa, ambamo Rais huketi na Naibu wake, mawaziri wa ulinzi, mambo ya nje na usalama wa ndani, Mwanasheria Mkuu, Mkuu wa Majeshi, Mkurugenzi Mkuu wa NIS na Inspekta Jenerali wa Polisi. Kila mwaka baraza hilo linatakiwa kuliwasilishia Bunge ripoti ya hali ya usalama. Ibara ya 241 inaunda Baraza la Ulinzi, linaloongozwa na waziri. Baada ya hapo, soma Sheria ya KDF na Sheria ya NIS, zote za 2012, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 na Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012. Zote zinapatikana bila malipo katika tovuti ya Kenya Law.

Usomaji huu si wa kujipamba. Mwaka 2023 Kenya ilijitolea kuongoza kikosi cha kimataifa cha kuwasaidia polisi wa Haiti, na mwezi Oktoba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio nambari 2699 la kukiidhinisha. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa halina mamlaka ya kuwatuma polisi nje ya nchi, kwa kuwa Ibara ya 240(8) inahusu majeshi, ilhali polisi wana utaratibu wao katika sheria yao wenyewe, nao unahitaji makubaliano na nchi inayowapokea. Serikali ilitia saini makubaliano na Haiti mwezi Machi, na kundi la kwanza la polisi likaondoka mwezi Juni. Afisa wa sera aliyezisoma sheria zote mbili kwa makini angalitaja pengo hilo tangu wazo lilipozuka, kwa waraka wa kurasa mbili, na kuiepushia nchi miezi ya mabishano mahakamani. Hiyo ndiyo kazi ninayoizungumzia.

Kisa kingine ni cha karibu zaidi na nyumbani. Tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha walipoingia katika majengo ya Bunge, Waziri wa Ulinzi alitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba KDF ingewasaidia polisi, na siku iliyofuata Bunge la Kitaifa likaidhinisha, kama Ibara ya 241(3) inavyotaka. Chama cha Wanasheria kilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu haikuizuia hatua hiyo, ila iliagiza serikali iueleze umma majukumu ya wanajeshi hao, mipaka yao na muda wao. Fikiria ni nani alipaswa kuandika majukumu hayo, mipaka hiyo na muda huo, katika saa chache, wakati mji unafuka moshi na wazazi wanawatafuta watoto wao hospitalini. Ikiwa swali hilo halikukoseshi usingizi, pengine fani nyingine itakufaa zaidi.

Chagua tatizo moja na ulifahamu kwa kina

Anayejiita mtaalamu wa usalama kwa jumla huwa hajamwambia mwajiri chochote. Anayesema kwamba kwa miaka miwili amefuatilia gharama za operesheni dhidi ya wezi wa mifugo kaskazini mwa Bonde la Ufa tangu KDF ilipopelekwa huko Februari 2023, au kwamba anazifahamu hatua zote za kufungua na kufunga mpaka wa Kenya na Somalia, huyo ana jambo la kuzungumza na mtu. Mada nyingine zenye upungufu wa wachambuzi ni ulinzi wa bahari na uvuvi haramu tangu Kikosi cha Walinzi wa Pwani kilipoundwa mwaka 2018, uhalifu wa mtandaoni chini ya sheria ya mwaka huohuo, silaha ndogondogo, na matumizi ya fedha za ulinzi. Ugaidi una wachambuzi wengi mno tayari, ingawa wengi wao hurudiarudia maneno ya wenzao. Ukiuchagua, chagua kipengele chake kimoja, kama vile urejeshaji wa vijana waliotoka al-Shabaab au usalama wa walimu katika kaunti ya Garissa.

Ukishachagua, soma nyaraka za umma kabla ya kutamani za siri. Nimewaona vijana wengi wakiamini kwamba ukweli wote umefungiwa makabatini, ilhali hawajawahi kufungua kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Humo ndimo waziri hujibu maswali, na humo ndimo hukwepa kujibu. Ukilinganisha majibu ya mwaka huu na ya mwaka juzi, utaona sera inavyobadilika bila kutangazwa. Chanzo cha pili ni ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Cha tatu ni maktaba ya mahakama. Na ikiwa unahitaji taarifa ambayo haijachapishwa, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuiomba kwa maandishi, na ofisi ya umma hutakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Mambo yanayohatarisha usalama wa taifa hayatolewi, lakini mengi hayamo katika kundi hilo, na jinsi ofisi inavyokataa ombi lako inaweza kukufundisha kitu.

Bajeti inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndiko raia anakoweza kumpita kila mtu. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Kufikia tarehe 15 Februari Hazina ya Taifa huwasilisha Bungeni Taarifa ya Sera ya Bajeti, na kufikia mwisho wa Aprili makadirio yenyewe huwa yamefika. Mwezi wa Mei kamati za Bunge huketi kuyachambua. Kabla ya hayo yote, Hazina hutayarisha ripoti ya sekta ya usalama wa taifa, inayozihusu Wizara ya Ulinzi na NIS. Chukua makadirio ya miaka mitatu mfululizo ya Wizara ya Ulinzi, uyaweke kando ya bajeti za ziada zilizopitishwa katikati ya kila mwaka, kisha jiulize: ni kiasi gani kilikwenda kwenye mishahara na matumizi ya kawaida, ni kiasi gani kwenye maendeleo, na ni fungu gani huongezwa kila mara baada ya wananchi kuacha kufuatilia? Mwanzoni jedwali zitakuchosha. Ukivumilia, utaanza kuona nia ya serikali mahali ambapo hotuba hazifiki, maana kile ambacho hakijatengewa fedha hakitatekelezwa hata kikitangazwa kwa shangwe.

Usiiache historia nyuma. Katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, kuna majalada ya utawala wa mikoa yanayoonyesha jinsi eneo la kaskazini lilivyotawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu vita vya miaka ya 1960. Soma pia ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013, hasa sehemu zinazohusu mauaji ya Wagalla, Wajir, ya Februari 1984. Watu walikusanywa na vikosi vya serikali katika uwanja wa ndege kwa kisingizio cha usalama, na wengi hawakurudi nyumbani. Operesheni ile nayo ilikuwa na mipango, amri na maafisa waliotia saini. Anayetaka kuandika sera za usalama katika nchi hii bila kulijua hilo anataka kushika chombo asichojua kimeshamkata nani.

Masomo

Hakuna shahada moja inayohitajika. Sheria, uchumi, takwimu, historia, sayansi ya siasa na jiografia zote zinafaa, na ningemshauri anayeanza shahada ya kwanza asikimbilie shahada yenye jina la usalama, bali achukue somo lenye mbinu thabiti, kisha aongeze usalama katika shahada ya uzamili. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha diplomasia tangu 1973, na wengi wa maafisa wanaohudumu leo wamepitia huko. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina masomo ya usalama na amani, na USIU-Africa hufundisha uhusiano wa kimataifa. Kwa anayetaka kusoma ng'ambo, ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa takriban miaka miwili na arudi nchini kwake baada ya masomo, sharti ambalo kwa maoni yangu ni la busara.

Kuna mfano wa viongozi ambao wanafaa kuangaliwa. Rachel Omamo, wakili, aliiongoza Wizara ya Ulinzi kuanzia 2013 hadi 2020, na Monica Juma, msomi wa masuala ya amani na utawala, aliipokea kutoka kwake, na mwaka 2022 akateuliwa kuwa mshauri wa Rais kuhusu usalama wa taifa. Wote wawili walifika huko kwa elimu na utumishi wa kiraia.

Lugha ni utajiri ambao wengi huudharau. Mtu anayezungumza Kisomali na Kiswahili sanifu, na anayeweza kuandika taarifa safi ya Kiingereza, ana nafasi katika taasisi nyingi za Nairobi. Kifaransa kilipata uzito zaidi baada ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kenya kuongoza kikosi cha jumuiya hiyo huko Kivu Kaskazini hadi Desemba 2023. Ikiwa ulizaliwa Mandera, Moyale, Lodwar au Lamu, usiombe radhi kwa hilo katika usaili. Katiba yenyewe, katika Ibara ya 238, inataka asasi za usalama zionyeshe sura ya Wakenya wote, na ujuzi wako wa mahali ni ujuzi wa kazi.

Milango iliyo wazi

Mlango unaojulikana zaidi ni Tume ya Utumishi wa Umma, ambayo hutangaza nafasi za raia katika wizara, ikiwemo Wizara ya Ulinzi yenye makao yake Ulinzi House, Hurlingham: wachumi, maafisa wa mipango, mawakili, wataalamu wa ununuzi, wahasibu, wasimamizi wa nyaraka. Tume hiyo pia huendesha mpango wa uanagenzi wa miezi 12 kwa wahitimu. Usidharau kupangiwa idara ya mipango au ya ununuzi. Zabuni na mikataba ni sehemu kubwa ya ulinzi wa nchi, na afisa anayeelewa kwa nini gari la kivita limechelewa kufika anaijua sera kuliko aliyehudhuria makongamano kumi.

Chini ya wizara hiyo kuna pia mashirika ambayo wahitimu wa sayansi na uhandisi hawayafikirii: Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililosimamia setilaiti ya Taifa-1 iliyorushwa Aprili 2023, Kenya Shipyards Limited iliyoko Mombasa na Kisumu, na kiwanda cha risasi cha Eldoret.

Mlango ninaoupendekeza kuliko yote ni Bunge. Bunge la Kitaifa lina Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Uhusiano wa Kigeni, na nyingine ya Utawala na Usalama wa Ndani. Seneti nayo ina kamati yake ya usalama wa taifa na ulinzi. Kila kamati huhudumiwa na makarani, watafiti na mawakili walioajiriwa na Tume ya Huduma za Bunge, na Ofisi ya Bajeti ya Bunge ina wachumi wake. Afisa wa huko husoma mswada kabla ya umma kuuelewa, huandaa muhtasari kwa wabunge wa vyama vyote bila kuonyesha upande wake, na huandika rasimu ya ripoti ambayo itabaki katika kumbukumbu za taifa. Ni kazi ya saa nyingi na sifa chache. Lakini hakuna mahali pengine ambapo kijana anaweza kuona, ndani ya mwaka mmoja, jinsi jeshi, Hazina, mahakama na mwananchi wa kawaida wanavyokutana katika swali moja. Kuna nafasi za uanagenzi, na pia unaweza kuanza kwa kuwasilisha maoni ya maandishi kila kamati inapoomba maoni ya umma kuhusu mswada. Maoni hayo huwa machache kuliko inavyodhaniwa, na yaliyoandikwa vizuri husomwa na hunukuliwa katika ripoti.

Kisha kuna upande wa utafiti. KIPPRA, taasisi ya serikali ya utafiti wa sera, ina mpango wa mwaka mmoja kwa wataalamu vijana. Kituo cha Kimataifa cha Mafunzo ya Kulinda Amani, IPSTC, kilichoko Karen, kina idara ya utafiti na hutoa kozi ambamo wanajeshi, polisi na raia hukaa darasa moja. Hata kozi moja hapo itakuzoesha jinsi maafisa wanavyofikiri na kuongea. Institute for Security Studies na Rift Valley Institute zina ofisi jijini, na zipo taasisi za Kikenya kama HORN na GLOCEPS. Kikanda, Nairobi ni makao ya RECSA, kituo kinachosimamia utekelezaji wa Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogondogo, na ya sekretarieti ya Kikosi cha Dharura cha Afrika Mashariki, ambacho kwa muundo wake kina sehemu ya kijeshi, ya polisi na ya raia. Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa, ushindani ni mkali, na mara nyingi wanaofaulu ni wale waliokwisha kufanya kazi katika taasisi ndogo.

Wala usidhani kwamba kuifanyia kazi taasisi ya uangalizi, kama IPOA inayosimamia utendakazi wa polisi, au shirika la haki za binadamu, kutakufungia milango ya serikali. Pengine ofisi fulani itakutilia shaka. Lakini serikali inayojua inachotaka huwahitaji watu waliokwisha kuona makosa ya vikosi kwa macho ya waathiriwa, na sera nyingi nzuri za polisi tangu 2011 zimetokana na shinikizo la watu kama hao.

Jifunze kuandika waraka

Sampuli ya maandishi ndiyo itakayokuajiri. Chukua mfano wa mpaka. Mei 2023 Kenya na Somalia zilitangaza kwamba vituo vya mpakani vingefunguliwa kwa awamu, Mandera kwanza, kisha Liboi, kisha Kiunga. Julai mwaka huohuo, baada ya mashambulizi, serikali ikaahirisha. Jiweke katika nafasi ya afisa aliyeombwa ushauri wakati huo. Wengi wangeanza hivi: "Usalama ni nguzo muhimu ya maendeleo ya taifa lolote, na suala la mipaka limekuwa changamoto kubwa barani Afrika kwa muda mrefu." Waziri aliyebakiwa na dakika nne kabla ya kikao ameshapoteza moja.

Linganisha na hii, niliyoitunga kwa zoezi hili: "Tunapendekeza kituo cha Mandera pekee kifunguliwe kwa majaribio ya miezi sita, mchana tu, na Liboi na Kiunga vingoje. Faida kubwa ni kwa wafanyabiashara na familia zilizogawanywa na mpaka, ambao sasa hupita kwa njia za panya bila kuandikishwa. Hatari kubwa ni kwamba wanamgambo watautumia mlango huohuo. Pendekezo hili linaipunguza hatari hiyo, haliiondoi. Gharama ya maafisa wa ziada wa uhamiaji na forodha haimo katika makadirio ya mwaka huu, na bila hiyo tunashauri kituo kisifunguliwe." Katika sentensi chache, msomaji amejua anaombwa kuamua nini, nani atanufaika, nini kinaweza kuharibika, nani atalipa na ni lini jibu linapaswa kuwa hapana. Aya zinazofuata zitaeleza msimamo wa Wizara ya Mambo ya Nje, wa kaunti, wa polisi na wa KDF, kila mmoja kwa haki, pamoja na ule usioupenda.

Andika nyaraka za namna hiyo kuhusu tatizo ulilolichagua, kila moja isizidi kurasa mbili, na uwape watu watatu wazisome: mmoja anayelijua jambo, mmoja asiyelijua kabisa, na mmoja anayepingana nawe. Huyo wa tatu ndiye mwenye thamani kubwa zaidi, kwa sababu katika kikao cha kweli ndiye atakayekuwa ameketi upande wa pili wa meza.

Vyeti na uchunguzi

Kwa nafasi nyingi za umma utaombwa vyeti vinavyohusiana na Sura ya Sita ya Katiba, inayohusu uongozi na maadili: cheti cha maadili mema kutoka DCI, yaani idara ya upelelezi wa jinai, uthibitisho wa kulipa kodi kutoka KRA, yaani mamlaka ya mapato, barua ya HELB, yaani bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ripoti ya mikopo, na fomu ya kujitangaza ya EACC, yaani tume ya maadili na kupambana na ufisadi. Alama za vidole huchukua muda, kwa hiyo usingoje tangazo la kazi litoke. Kama una deni la HELB, fanya mpango wa kulipa mapema. Deni lenye mpango wa malipo linaelezeka, deni lililofichwa halielezeki.

Kwa nafasi zinazogusa siri, NIS ina mamlaka ya kisheria ya kumchunguza mhusika. Utaulizwa kuhusu familia, safari, fedha, marafiki wa kigeni na pengine maandishi yako ya mitandaoni. Jibu kwa ukweli, hata jambo likiwa la aibu. Kinachotafutwa ni kama mtu anaweza kushinikizwa na siri yake mwenyewe, na aliyekwisha kuisema hawezi kushinikizwa nayo. Wala huna haja ya kufuta kila maoni uliyowahi kuandika kuhusu serikali. Hoja yenye staha si doa. Matusi ya kikabila ni doa, na ni haki yawe hivyo.

Nisisitize jambo linaloniumiza. Kila msimu wa ajira familia huuza ng'ombe au shamba kumlipa wakala anayeahidi nafasi jeshini, wizarani au katika NIS, na hupewa barua ya kughushi. Nafasi hizi haziuzwi. Anayekuomba pesa ni mhalifu, na ukimlipa umeshiriki katika kosa ambalo litakufuata katika uchunguzi wowote utakaofanyiwa baadaye.

Ukishaingia

Wiki za kwanza utaketi na maafisa wenye vyeo na uzoefu wa vita vya Somalia tangu Operesheni Linda Nchi ya Oktoba 2011. Waite kwa vyeo vyao, fika kabla ya wakati, uliza maana ya kila kifupisho usichokijua. Kisha usinyamaze. Kanali atakapoeleza mpango wa kuhamisha kambi, swali lako kuhusu maji ya wenyeji, umiliki wa ardhi na idhini ya Bunge ni swali halali, na akiwa afisa mzuri atalipokea. Ukipingana na jambo, pingana nalo ndani ya kikao au kwa waraka kwa mkuu wako, si kwa mwandishi wa habari wala katika kundi la WhatsApp. Sheria ya Siri za Serikali hufuata mtu hata baada ya kuacha kazi, na mazungumzo ya hotelini Upper Hill kuhusu "mambo ninayoyajua" yamewaharibia wengi jina kabla hayajawafikisha mahakamani.

Wakati ushauri wako utakapokataliwa, na utakataliwa mara nyingi, hakikisha nakala iliyotiwa tarehe imeingia katika jalada rasmi la idara kupitia masjala, si katika kompyuta yako binafsi. Kamati ya Bunge au Mkaguzi Mkuu anaweza kuuliza miaka kadhaa baadaye uamuzi ulifikiwaje, na ofisi inapaswa kuwa na jibu hata kama wewe umehamishwa.

Baada ya miaka kadhaa ya utumishi, ukifikia ngazi ya juu, unaweza kupendekezwa na wizara yako kwenda Chuo cha Ulinzi wa Taifa kilichoko Karen, ambacho sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi. Huko maafisa wakuu wa kijeshi na watumishi waandamizi wa kiraia husoma pamoja. Wizara hupendekeza watu ambao kazi yao inaonekana katika majalada, kwa hiyo anza kuulizia utaratibu wa idara yako mapema, na uweke orodha ya nyaraka ulizoandaa, kwa vichwa vyake na tarehe tu, bila yaliyomo.